Kompyuta Inapokataa Tarehe, Isinyamazishwe

Kadi ya mama mjamzito inaonyesha kwamba siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa 05/04/2024. Mkunga aliyeandika alikusudia tarehe 5 Aprili, na kila mhudumu wa kliniki ile angeisoma hivyo. Ujauzito ukiendelea, kumbukumbu za kliniki zinatolewa kwenye kompyuta yake kama faili la CSV na kuingizwa katika kanzidata ya hospitali ya rufaa. Kompyuta inayopokea imepangwa kwa desturi ya Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Haitoi ujumbe wowote wa kosa. Inasoma 4 Mei, inahifadhi 4 Mei, na tangu hapo kila anayefungua rekodi ya mama huyo anaona ujauzito mdogo kwa siku 29 kuliko ulivyo.

Katika uzazi siku 29 ni nyingi mno. Kwa hesabu ya kawaida ya siku 280, mama huyu anatarajiwa kujifungua 10 Januari 2025. Kanzidata inasema 8 Februari. Akishikwa na uchungu tarehe 20 Desemba, ujauzito umetimiza wiki 37 na mtoto amekomaa, lakini skrini inaonyesha wiki 32 na siku 6. Daktari wa zamu akiiamini skrini ana kila sababu ya kutoa dawa za kuchelewesha uchungu, kuagiza sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na kuandaa nafasi katika wodi ya watoto njiti. Mfano ukigeuzwa, hatari huongezeka. Mama aliyekusudia 4 Mei, akaandikiwa 04/05, akasomwa 5 Aprili, ataonekana ametimiza wiki 41 hali yu katika wiki ya 36 na siku 6, naye ataanzishiwa uchungu kabla ya wakati. Kipimo cha ultrasound kinachofanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa ujauzito hakiwezi kutegemewa kuokoa hali hiyo, kwa kuwa katika miezi mitatu ya mwisho makadirio yake ya umri wa mimba yanaweza kupotoka kwa takriban wiki tatu.

Katika faili lile lile yumo mama mwingine ambaye tarehe yake ni 25/04/2024. Hakuna mwezi wa 25, hivyo kompyuta inakataa. Ikiwa kanzidata ni SQL Server, uingizaji unasimama na ujumbe unatokea kwamba kugeuza maandishi kuwa tarehe kumetoa thamani iliyo nje ya mipaka. Kazi imekwama, ripoti ya mwezi inangojewa, na afisa takwimu anatafuta njia ya kuuondoa ujumbe ule. Ni rahisi kumhurumia mama wa pili kwa kuwa rekodi yake ndiyo iliyoleta tatizo. Ukweli ni kwamba yeye ndiye mwenye bahati. Kompyuta imekiri kwamba haikumwelewa. Wa kwanza ilidhani imemwelewa.

Hapo ndipo penye hoja. Katika vituo vingi vya afya ujumbe wa kosa la tarehe huchukuliwa kuwa ndio ugonjwa, na ukitoweka, hudhaniwa kwamba mgonjwa amepona. Mhudumu wa afya hapaswi kukubali mantiki hiyo, kwa maana anaikataa kila siku wodini. Mgonjwa mwenye maumivu makali ya tumbo hapewi dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani kwa sababu amenyamaza. Maumivu yametoa habari; kazi ni kuitafuta habari hiyo inatoka wapi. Ujumbe wa kosa nao ni dalili, na aghalabu ni dalili ya tatizo kubwa kuliko rekodi ile moja iliyokataliwa.

Ukubwa wa tatizo hilo unaweza kuhesabiwa kwa karatasi na kalamu. Katika mwaka wa siku 365, tarehe 144 zina siku isiyozidi 12, yaani zinasomeka kwa mpangilio wowote kati ya hiyo miwili. Kati ya hizo, 12 hazidhuriki, kwa kuwa siku na mwezi ni namba moja, kama 03/03 au 07/07. Zinabaki 132 ambazo zitageuka kuwa tarehe nyingine iliyo halali kabisa, bila mlio wala onyo. Zile 221 zilizosalia, ambazo siku yake ni 13 na kuendelea, ndizo zitakazokataliwa. Basi ikiwa tarehe zimetawanyika sawasawa katika mwaka, kwa kila rekodi tano zilizokataliwa ziko nyingine tatu zilizopita zikiwa na uongo ndani yake. Mwenye kuziona zile tano tu hajaona ugonjwa wote.

Njia zinazotumiwa kuunyamazisha ujumbe huo zinajulikana. Ya kwanza ni kuibadilisha safu ya tarehe iwe ya maandishi matupu. Kompyuta haitalalamika tena, lakini nayo haitaweza tena kutoa tarehe moja katika nyingine; ikitakiwa kupanga mahudhurio kwa mfuatano itaweka 10/11/2023 kabla ya 9/2/2023, kwa sababu inapanga herufi. Mfumo uliowekwa ili kuwatambua waliopitisha siku ya kuchukua dawa za ARV unakuwa daftari la kawaida lenye umeme. Njia ya pili ni kujaza tarehe ya bandia, mara nyingi 1 Januari 1900, ili safu isibaki tupu. Ya tatu ni kufuta rekodi zilizokataliwa, na hapo wagonjwa halisi wanatoweka katika takwimu ambazo ndizo zinazoagizia dawa na chanjo. Ya nne inaheshimika zaidi kwa kuwa inatumiwa na wataalamu: amri ya TRY_CONVERT, ambayo ikishindwa kugeuza tarehe huacha nafasi tupu na kuendelea na safari. Amri hiyo si mbaya. Ni chombo kizuri cha kutafutia rekodi zenye kasoro, mradi baada yake mtu ahesabu nafasi tupu ni ngapi na kwa nini. Asiyehesabu ametumia dawa ya usingizi bila kufanya upasuaji.

Lakini kuna njia ya tano inayozishinda zote kwa madhara, nayo inafanywa kwa nia njema. Afisa mwenye bidii anazichukua rekodi zilizokataliwa, anafungua kadi moja baada ya nyingine, na kuzisahihisha kwa mkono. Anakesha. Akimaliza, zile 221 ziko sawa na zile 132 zimebaki zimegeuzwa, na sasa hakuna tofauti yoyote ya kuonekana kati yake. Alama iliyokuwa ikionyesha kwamba faili zima lilisomwa kwa mpangilio usio wake imefutwa kwa kazi ya mikono yake. Tiba sahihi ilikuwa kurudi kwenye faili la asili na kuliingiza upya lote, na kuiambia kompyuta waziwazi kwamba siku inatangulia mwezi.

Makosa ya tarehe hayatokani na mpangilio wa siku na mwezi tu. Hata hivyo yana sifa moja inayopaswa kumfurahisha tabibu: kila chanzo huacha alama yake, na mara nyingi ukubwa wa kosa unatosha kutaja chanzo. Tarehe za kuzaliwa zikirudi nyuma siku moja kamili, mshukiwa wa kwanza ni majira ya dunia. Afrika Mashariki iko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa 3. Mtoto aliyezaliwa 14 Machi akihifadhiwa kama saa sita usiku kamili ya 14 Machi, na seva ikageuza wakati huo kuwa wa kimataifa, anakuwa wa saa tatu usiku ya 13 Machi. Sehemu ya saa ikikatwa, inabaki 13 Machi. Tarehe ya kuzaliwa haina saa, hivyo haipaswi kuwekwa katika safu ya aina inayobeba tarehe pamoja na saa. Kwa mtu mzima siku moja si kitu. Kwa mtoto mchanga aliyefariki, siku hiyo inaweza kukihamisha kifo kutoka ndani ya siku saba za mwanzo kwenda nje yake, na kubadilisha kundi la takwimu ambamo kifo hicho kinahesabiwa.

Kosa likiwa la siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja, chanzo ni Excel. Programu hiyo haihifadhi tarehe kama tarehe. Huhifadhi idadi ya siku, ambapo 1 ni 1 Januari 1900, na 45000 ni 15 Machi 2023. Mafaili mengi ya zamani ya kompyuta za Macintosh yaliihesabu idadi hiyo kuanzia 1904. Namba ikihamishwa bila kutaja mwanzo wake, wagonjwa wote wanazeeka au kurudi ujana kwa pamoja. Kosa likiwa la miaka 100, mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili. Programu nyingine husoma 29 kuwa 2029 na 30 kuwa 1930. Nyingine huweka mpaka huo kwenye 49. Mzee aliyezaliwa 1945 na akaandikwa 45 anaweza basi kuwa na umri wake halisi katika mfumo mmoja, na katika mfumo wa pili awe hajazaliwa. Wagonjwa wengi wakiwa wamezaliwa 1 Januari 1900 katika SQL Server, safu ilikuwa tupu, kwa kuwa maandishi matupu yakilazimishwa kuwa tarehe huko ndivyo yanavyogeuka. Wakiwa wa 1 Januari 1970, tena saa tisa usiku kwa saa za hapa, basi mahali fulani sifuri ilihesabiwa kama wakati, kwani kompyuta nyingi huanza kuhesabu sekunde zake usiku ule.

Kosa la saa 6, au la saa 18, linahitaji kuzungumzwa kwa urefu zaidi, kwa sababu ni la wasemaji wa Kiswahili na vitabu vya mafunzo ya kompyuta havilitaji. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00. Muuguzi anayeandika katika jalada "saa 2:00 usiku" ameandika kwa usahihi kamili. Karani anayenakili anaona namba 2 na neno usiku, anaandika 02:00, na kanzidata inapokea kwa furaha. Hapa hakuna hata ule ujumbe wa kosa wa kutegemea. Hakuna saa ya Kiswahili ambayo ikiandikwa kwa tarakimu haitakuwa saa halali ya Kizungu.

Madhara yake hayana haja ya kukuzwa. Mtu aliyebakwa, au mhudumu aliyejichoma na sindano iliyotumika, anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72 tangu tukio. Tukio likiwa Jumatatu saa nne usiku, naye akafika Alhamisi saa mbili asubuhi, zimepita saa 58 na nafasi bado ipo. Karani akiingiza Jumatatu 04:00, skrini itahesabu saa 76 na kumweka nje ya muda. Mfumo uliojengwa kumlinda ndio utakaomfungia mlango. Vivyo hivyo kwa dozi za dawa zinazotolewa kwa vipindi vya saa, kwa chati ya uchungu, na kwa saa ya kuzaliwa na kufariki. Si jambo la kushangaza kukuta mtoto ambaye kwa mujibu wa kanzidata alifariki kabla ya kuzaliwa. Saa za baada ya saa sita usiku zina mtego wa ziada. Mtoto aliyezaliwa saa saba usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne ni wa Jumanne katika kalenda, ingawa zamu yote ya usiku humwandika wa Jumatatu, kwa kuwa kwa zamu hiyo usiku haujaisha.

Wapo wanaosema dawa ni kuwakataza wahudumu kutumia saa ya Kiswahili kazini. Ushauri huo haufai. Mgonjwa akielezwa kwamba anywe dawa saa ishirini usiku atarudi nyumbani na kuuliza jirani. Mazungumzo na mgonjwa yaendelee kwa saa anayoijua. Kinachotakiwa ni kwamba katika fomu na katika skrini kuwe na mfumo mmoja tu, wa saa 24, uliotajwa juu ya safu yenyewe, na kwamba ugeuzaji ufanywe na yule aliyesikia neno "usiku" au "mchana", papo hapo, wala usiachiwe mtu wa tatu siku ya tatu. Programu ingeweza hata kusaidia: mhudumu akiingiza 20:00, skrini imwonyeshe kando "saa mbili usiku" ili ahakikishe. Ni mistari michache ya programu, na inashangaza kwamba mifumo inayotumiwa na wasemaji wa Kiswahili haikuanza na hilo.

Swali linalofuata ni nani anayemiliki tarehe. Jibu la kawaida ni kwamba hayo ni mambo ya watu wa kompyuta. Jibu hilo ndilo linalodumisha tatizo. Mtaalamu wa kompyuta anajua kwamba 4 Mei ni tarehe halali. Hana namna ya kujua kwamba mama huyo alihudhuria kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya wiki 12 na kwamba sasa mfumo unampa 8. Anayeweza kuiona kasoro hiyo ni mkunga. Mtaalamu wa kompyuta hajui kwamba chanjo ya kwanza ya Penta hutolewa wiki ya 6 na kwamba mtoto aliyeipata akiwa na siku 11 ama alichanjwa kimakosa ama tarehe zake zimegeuzwa. Muuguzi wa chanjo anajua bila kufikiri. Tarehe ya hedhi ya mwisho, ya kuanza dawa za kifua kikuu na ya chanjo ni vipimo vya kitabibu kama ulivyo uzito na shinikizo la damu, na hakuna daktari anayesema kwamba uzito wa mtoto ni jambo la fundi wa mizani.

Wala tatizo hili si la vituo vidogo vyenye kompyuta chakavu. Watafiti wa vinasaba duniani walihangaika nalo kwa miaka. Kulikuwa na jeni zilizoitwa kwa kifupi SEPT2 na MARCH1, na Excel ikiona herufi hizo huzigeuza kuwa tarehe za Septemba na Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kwamba takriban moja ya tano ya makala za majarida makubwa ya jinomu zilizoambatisha orodha za jeni katika Excel zilikuwa na majina yaliyoharibiwa kwa namna hiyo. Mwishowe, mwaka 2020, kamati ya kimataifa ya majina ya jeni iliamua kuyabadilisha majina yenyewe. Jeni hizo sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Sayansi ililazimika kuhama nyumba ili kumpisha mpangaji mkorofi. Hospitali haiwezi kufanya hivyo. Haiwezi kubadilisha siku ambazo watu wake walizaliwa.

Kwa afisa takwimu aliyekutana na ujumbe ule leo, mwenendo unaofaa si mgumu. Aache kazi ya kuingiza mara moja na kulihifadhi faili la asili mahali ambapo halitaguswa, bila kulifungua kwa Excel, kwa maana kulifungua na kulihifadhi tena kunatosha kuzibadilisha tarehe. Data ziingizwe kwanza kama maandishi katika jedwali la muda. Hapo atazame sehemu mbili za mwanzo za kila tarehe: ile ambayo thamani yake kubwa kabisa ni 12 ndiyo mwezi, na ile inayofika 31 ndiyo siku. Ikiwa zote mbili zinavuka 12, faili limechanganya desturi mbili, labda kwa sababu lilijazwa katika kompyuta mbili, na litenganishwe kabla ya lolote. Kisha ageuze kwa amri inayotaja mpangilio: mtindo namba 103 wa CONVERT katika SQL Server kwa siku inayotangulia, au STR_TO_DATE katika MySQL, au to_date katika PostgreSQL. Kuiacha kompyuta ibahatishe kwa kufuata lugha iliyowekewa ni kucheza kamari na rekodi za watu.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, kinaagiza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-04-05. Ni kiwango kizuri na kinafaa kutumika katika kila faili linalohama kati ya mifumo. Hata hivyo aina ya zamani ya tarehe na saa katika SQL Server, mtumiaji akiwa amewekewa lugha ya Kiingereza cha Uingereza, huisoma tarehe hiyo kama mwaka, siku, mwezi, na 5 Aprili inakuwa 4 Mei kwa mara nyingine. Ikiandikwa 20240405 bila vistari, haina utata. Ni jambo dogo la kuudhi, lakini limewaponza watu waliodhani wamechukua kila tahadhari.

Baada ya kuingiza, ukaguzi wa mwisho uwe wa kitabibu. Je, wapo waliohudhuria kabla ya kuzaliwa? Wapo waliopewa dawa katika siku ambayo haijafika? Mahudhurio ya pili yametangulia ya kwanza? Je, kliniki inaonekana kuwa na wagonjwa tele kuanzia tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi na hakuna mtu kuanzia 13? Hiyo ya mwisho ni picha kamili ya faili lililogeuzwa na kisha kufutwa rekodi zilizokataliwa, na inaonekana kwa mtazamo mmoja wa grafu.

Lipo jambo ambalo kompyuta haiwezi kulaumiwa kwalo. Watu wengi, hasa wazee, hawaijui siku waliyozaliwa, na fomu inadai siku. Matokeo yake ni umati wa watu waliozaliwa 1 Januari. Mfumo wa haki ungekuwa na nafasi ya kuandika mwaka peke yake na alama kwamba tarehe imekisiwa, ili asije mtu baadaye akaihesabia umri kwa siku. Uvivu wa kuuliza nao una sehemu yake. Mama wa pwani anayesema hedhi yake ilikuja siku tatu baada ya Idi ametoa tarehe bora kuliko nyingi zilizoandikwa kwa tarakimu, mradi mkunga aulize ni Idi ipi na kuitafuta katika kalenda ya mwaka ule, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku zipatazo 11. Mwingine akisema "mwezi wa nne" anakusudia Aprili, lakini bibi yake aliyekaa kando huenda anahesabu kwa mfunguo, naye mfunguo nne wake ni Muharram.

Mgonjwa mwenyewe ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Kadi yake ya karatasi, iliyoandikwa siku ile ile na aliyemhudumia, mara nyingi ina ukweli kuliko skrini iliyopokea data kupitia mikono mitatu. Asiitupe eti kwa kuwa hospitali sasa inatumia kompyuta. Akisomewa tarehe yake, aombe isomwe kwa jina la mwezi: "tarehe tano mwezi wa Aprili", si "sifuri tano, sifuri nne". Mama akiambiwa mimba ina wiki 32 naye anajua mwenyewe kwamba ni zaidi, aseme, na asiporidhika aseme tena. Mhudumu anayeambiwa hivyo aitazame kadi kabla ya kuitazama skrini, na akikuta zinatofautiana asisahihishe rekodi hiyo moja na kunyamaza. Ampigie simu afisa takwimu siku hiyo hiyo, amtajie tarehe zote mbili, na amwombe aangalie waliomo katika faili lile lile.